Kikwembe cha Muuza Sambaza

Kama umeandikiwa vidonge vya kifua kikuu, ukarudi nyumbani ukakuta kikombe chako kimetengwa peke yake dirishani, basi mimi na wewe tunajuana. Sitakueleza ugonjwa huu unaingiaje mwilini. Hayo waulize waliosomea. Nitakwambia tu nilivyokaa nao, maana zamu yangu ilipofika sikupata mtu wa kuniambia, na kutojua kulinichosha kuliko homa yenyewe.

Kazi yangu ni kuchora. Nilizaliwa Bukavu, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia kule, na kuchora nilifundishwa na mpiga chapa mmoja wa kulekule. Baada ya vita ya huku kwetu tulirudi, mimi na mume wangu, tukapanga nyumba Kamembe, ng'ambo ya mpaka kutoka Bukavu, nyuma ya soko. Nachora picha za gazeti dogo la kila mwezi ambalo Mwalimu Odette, mwalimu mstaafu, analihariri chumbani kwake. Nachora majalada ya vitabu vya watoto wa shule. Na daftari zangu nimezijaza watu wa soko: wauza muhogo, wapagazi, maman aliyelala juu ya gunia lake la maharage. Mume wangu, Papa Neema, huvuka daraja karibu kila siku na sabuni na unga, anauza Bukavu, jioni anarudi. Mtoto wetu ni mmoja, Neema, ambaye wakati ule hajaanza hata shule.

Kikohozi kilinianza kwenye mvua kubwa, karibu na Pasaka. Nikakiita baridi. Kila mtu alikiita baridi, mpaka pete ya ndoa ikaanza kuanguka kidoleni nikifua nguo, na sketi nikawa naifunga kwa pini. Usiku natoka jasho shuka linalowa kama limetolewa kwenye beseni. Mchana nikikaa kuchora, mkono unalowesha karatasi na wino unatambaa, na mstari nilioujua tangu ujana unaniharibikia. Nikawa nalala mezani, shavu juu ya karatasi. Neema ananiamsha kwa kunivuta sikio.

Walipopima makohozi na kunitajia jina la ugonjwa, mama yangu alishuka kutoka kijijini kwake Nyakarenzo siku iliyofuata kumchukua mtoto.

"Mutoto habaki hapa," aliniambia akiwa bado mlangoni. "Weye unakohoa, yeye anapumua."

Alikuwa na haki, na mimi nilimchukia. Neema aliondoka amevaa sweta yake nyekundu, amekaa kwenye moto, ile pikipiki ya abiria, katikati ya dereva na koko yake, yaani bibi yake, hajui kama ameondoka kwa muda mrefu. Alinipungia mkono kama anaenda sokoni. Nilirudi ndani nikalia mpaka kikohozi kikaniziba.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya sindano. Kila asubuhi naenda dispanseri kwenye matope, napigwa sindano, nameza vidonge mbele ya mama muuguzi, nafungua mdomo aone nimemeza. Wanaokohoa tulikuwa na benchi letu nje, chini ya ukingo wa bati, maji ya mvua yakidondoka mbele ya magoti yetu. Benchi lilitazama barabara. Nusu ya Kamembe ilipita pale ikienda kituo cha magari, na kila mtu alijua benchi lile ni la nini. Nilijaribu kuwachora wenzangu ili nipitishe muda, ndipo mzee mmoja akaweka kiganja chake juu ya daftari yangu, polepole, akasema, "Hapana, mwanangu. Hivi niko sasa si miye." Nikachora miguu tu. Nina daftari nzima ya miguu ya benchi lile: kandambili, mabuti ya mvua, viatu vya Jumapili vya mwalimu fulani. Yule mzee alikuwa na viatu vya plastiki vya bluu. Siku moja viatu vya bluu havikuja, wala siku iliyofuata, na hakuna aliyeuliza.

Makalio yangu yaliota vinundu vya sindano, sikuweza kukaa upande. Masikio yalivuma. Mkojo ukawa na rangi ya chungwa, na mimi, hata katika hali ile, nilisimama chooni nikafikiri ni rangi nzuri ya jua la jalada. Ndivyo mchoraji alivyo, hana adabu.

Nyumbani tulikuwa na Vestine, dada ya mume wangu. Alikuja kutusaidia na kwa kweli alitusaidia: alipika, alifua, hakunikimbia. Lakini aliogopa. Alinunua javeli, ile dawa kali ya kuua vijidudu, akaosha kila kitu nilichogusa. Sahani yangu, kiti changu, kitasa cha mlango. Nikipita anapita na kitambaa nyuma yangu. Nyumba nzima ilinuka javeli mpaka ugali nao ukawa na ladha yake. Siku moja nilimwambia, "Vestine, nikifa utaniosha na nini? Javeli imeisha." Hakucheka. Aliingia jikoni, nikasikia analia. Papa Neema alikaa katikati yetu sisi wawili na hakujua amfariji nani, basi akatoka nje kupanga masanduku ya sabuni ambayo yalikwisha kupangwa.

Kiangazi kilipoingia sindano ziliisha, vikabaki vidonge. Niliongezeka uzito kidogo. Kikohozi kilipungua na makohozi yakapimwa, yakawa safi. Mama akamleta Neema kunisalimia, mara moja tu, wakakaa uani, mimi kizingitini. Mtoto alikuwa amerefuka. Alikuwa na sweta ya rangi ya udongo mkavu.

"Ile sweta yake nyekundu iko wapi?" nikamuuliza mama.

"Si hii amevaa?"

"Mama, mimi nilimpa sweta nyekundu. Hii umeitoa wapi?"

Mama alinitazama, kisha akatazama sweta. Alifikiri homa imenipanda kichwani. Mimi nilifikiri ameuza sweta ya mtoto wangu. Tuliagana vibaya.

Wakati huo Mwalimu Odette alikuwa amenipa kazi ya jalada la kitabu cha kusomea cha watoto. Alikuwa na wachoraji wengine, lakini alinipa mimi, nadhani kwa huruma, na mimi niliipokea kwa njaa. Nilitaka kuchora maman wa kisiwa cha Nkombo anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani: kikwembe chekundu, kitenge chake, kiunoni, mbele yake majani mabichi ya mgomba, na samaki wadogo wametandazwa juu. Nilihitaji kazi ile. Mtoto wangu yuko kwa watu, mwili wangu uko kwa dispanseri, kilichobaki mkononi mwangu ni brashi tu.

Sasa lazima nikwambie ninavyopaka rangi. Vikopo vyangu hukaa mezani kwa mpango mmoja tangu nikiwa Bukavu: nyekundu mkono wa kushoto kabisa, kisha njano, kisha kijani, kisha bluu. Sivitazami. Mkono unakwenda wenyewe kama mpishi anavyofika kwenye chumvi. Nilipaka kutwa nzima. Niliona rangi zimefifia, nikalaumu vumbi la kiangazi na kioo chafu cha dirisha. Nilipomaliza, Papa Neema alikunja karatasi kwenye gazeti akaipeleka kwa Mwalimu Odette.

Alirudi nayo jioni. Aliikunjua mezani, akasimama, mikono mfukoni.

"Maman Neema," alisema, "Mwalimu anauliza kama ni mutindo mupya."

"Mtindo gani?"

"Majani ya mugomba ni mekundu. Na huyu maman amevaa kikwembe cha kijani."

Nilicheka. Nilidhani ananichokoza, maana ndiyo tabia yake. Kisha nikatazama uso wake. Nikatazama karatasi. Niliona maman, niliona majani, vyote vya rangi moja ya udongo, kimoja kimekolea kidogo kuliko kingine.

Vestine alikuwa mlangoni. Alisema kwa sauti ndogo kwamba aliviosha vile vikopo kwa javeli, karatasi za majina zikabanduka, akavipanga upya kuanzia kikubwa hadi kidogo ili meza ipendeze. Alidhani nitaona. Na mtu yeyote angeona. Hilo ndilo lililoniuma: kosa lake lilikuwa la kawaida kabisa, na mimi sikuliona.

Asubuhi yake nilivuka barabara kwenda kwa Mzee Shabani. Huyu ni fundi cherehani, jirani yetu, ana kibaraza kilichojaa nyuzi za kila rangi ukutani. Sikumwambia kitu, nilimwomba tu anionyeshe uzi mwekundu na uzi wa kijani. Aliweka reli mbili za uzi mezani. Nikaziangalia. Nikazisogeza kwenye mwanga. Nikakisia.

"Hapana, mama," alisema Mzee Shabani. Alivuta kigoda kwa mguu, nikakaa, akaniacha nilie huku yeye akiendelea kushona suruali ya mtu.

Nilikwenda dispanseri siku hiyohiyo, na hapa nataka unisikilize: ukiona macho yanabadilika, sema siku hiyohiyo. Mama muuguzi alinyanyua mkono wangu akaushika, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Moja ya dawa zako huwa inagusa macho ya watu wengine," alisema. "Hiyo tunaiacha leo. Lakini hatuwezi kukuacha na dawa moja, ugonjwa utarudi. Tunangoja daktari aje na nyingine."

"Na macho?"

"Kwa wengi yanarudi. Polepole. Kwa wengine siwezi kukudanganya."

"Daktari anakuja lini?"

Akatazama barabara. Vita ya pili ya Congo ilikuwa imeanza. Malori ya askari yalikuwa yanapita mbele ya benchi letu yakishuka kuelekea mpakani, na barabara ya msitu, anayopitia daktari, ilikuwa haina uhakika. Sikumlaumu.

Basi nikangoja. Kungoja ni kazi, asikudanganye mtu. Unaamka umechoka, unalala umechoka zaidi, na katikati hukufanya lolote. Niliogopa vitu viwili kwa zamu: asubuhi naogopa kifua, jioni naogopa macho. Nilimwomba Mungu anipe kimoja, kisha nikaona haya kwa sababu sikujua nimwambie kipi. Papa Neema alizuiwa kuvuka, akawa anashinda nyumbani, na sisi watatu tukawa tunakwaruzana kwa sababu ya chumvi.

Rehema zilikuwa ndogo, lakini zilikuwepo. Mzee Shabani aliniambia nije kwake kila Ijumaa akishatoka msikitini. Anaweka reli mbili, mimi nasema, yeye anasema ndiyo au hapana. Hakunipunguzia hata mara moja. "Hapana." "Hapana." "Hapana, mama, na hii hata mbuzi angejua." Alikuwa mtu pekee Kamembe aliyenitania, na nilimpenda kwa hilo.

Mwalimu Odette naye alikuja mwenyewe. Alisimama mbali kidogo, kama watu wote, lakini alikuja. Akasema jalada lile atalingojea.

"Mwalimu, mimi rangi sizioni."

"Kwani yule mupiga chapa wako wa Bukavu alikufundishaka na rangi?"

Nilimtazama. Kumbe alikumbuka nilichowahi kumsimulia. Zamani, kule Bukavu, hatukupaka rangi hata kidogo. Kila rangi ilikuwa na karatasi yake ya kalki, ile karatasi nyembamba ya kupitisha mwanga. Kwenye kalki ya nyekundu unachora kwa wino mweusi sehemu zitakazokuwa nyekundu, kwenye ya kijani zile za kijani, mpaka mwisho. Zote nyeusi. Pembeni unaandika jina la rangi, na mpiga chapa ndiye anayetia wino wenyewe kwenye mtambo. Mchoraji anabeba rangi kichwani.

Nilichora upya. Nilifumba macho nikaliona soko kama lilivyokuwa kabla ya Pasaka, nikamtoa yule maman humo, kipande kwa kipande. Kalki ya kikwembe ndiyo niliyoifanya mwisho. Pembeni nikaandika NYEKUNDU kwa herufi kubwa kuliko zote, nikaipigia mstari. Nilijiambia kwamba kikwembe kile kikitoka sawa, basi mimi bado ni mchoraji, hata macho yasiporudi. Nilimwambia na mume wangu hivyo hivyo. Ndilo nililokuwa nalo.

Mpaka ulipofunguliwa, Papa Neema alizikunja kalki akavuka nazo. Darajani askari alimsimamisha. Alikunjua karatasi moja, akaona madoa meusi na mistari.

"Hii ni karte ya wapi?" akauliza, akidhani ni ramani.

"Si karte, afande. Ni maman anauzisha sambaza."

"Maman yuko wapi?"

Wakati ule mtu alipotea kwa kidogo kuliko hicho. Mume wangu alizipanga kalki moja juu ya nyingine, akazinyanyua kuelekea jua, na yule maman akatokea mzima, na samaki zake, na kikwembe chake. Askari alitazama muda mrefu. Kisha akamwita mwenzake aje kuona. Kisha akasema pita.

Mvua za Septemba zilinikuta bado naweka kidole juu ya reli isiyo sahihi. Daktari alifika matope yalipokuwa yameshazoeleka, akaniandikia dawa nyingine na muda mrefu zaidi. Nikaanza kuhesabu upya, kama mtu aliyerudishwa darasa.

Vitabu vilikuja kutoka Bukavu kabla ya Noeli. Papa Neema alichelewa kuingia siku ile, nilimsikia akizungumza ng'ambo ya barabara. Kisha akaja, akaniwekea kitabu kimoja magotini. Niliona mistari yangu. Niliona uso wa maman, samaki, majani. Kikwembe niliona ni udongo, kama kila kitu.

"Ni nyekundu?" nikamuuliza.

"Nyekundu," akasema.

Nilivuka nacho kwa Mzee Shabani, maana yeye hanipunguzii. Aliacha kushona, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nyekundu sana," akasema. "Kitambaa kama hiki ningekuuzia ghali." Na Neema aliporudishwa nyumbani moja kwa moja, muuguzi alipokwisha kusema sina hatari tena kwa mtu, nilimpakata nikamwonyesha kitabu. Nikamuuliza kikwembe ni cha rangi gani. Akamtazama baba yake, akasema, "Nyekundu." Nilidhani amenisahau kidogo, ananionea haya.

Nilikibandika kitabu kile ukutani juu ya meza. Nikachora. Kalki baada ya kalki, gazeti baada ya gazeti, miezi yote ile ya vidonge vya pili, kwa sababu kikwembe kilitoka chekundu. Nikichoka kabisa natazama ukutani. Vestine alirudisha vikopo mahali pake, akaviandikia majina kwa rangi ya kucha, isiyobanduka kwa javeli.

Macho yalirudi, na hayakurudi kwa heshima. Asubuhi moja, mvua imekatika, nilikuwa chooni nikaona chungwa. Ile dawa mpya ilikuwa jamaa ya zile za mwanzo, zilizotia mkojo rangi. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Kisha baada ya wiki kadhaa ikaja kijani, chafu kwanza, kisha safi. Nilipotoka nje ya uzio na kuona migomba ya jirani ilivyo, niliketi chini penye majani mabichi, nikayatazama.

Nyekundu ndiyo iliyochelewa. Siku niliyoiona ilikuwa kwenye sweta ya Neema, iliyokwisha kuwa ndogo, imeanikwa kwenye kamba. Nyekundu, kama nilivyomvalisha. Nikaingia ndani mbio kumtazama maman wangu wa sambaza.

Kikwembe chake kilikuwa cha rangi ya udongo.

Nilitoa kitabu ukutani nikakipeleka uani, nikakiweka kando ya sweta. Sweta nyekundu. Kikwembe udongo. Nikavuka barabara, nikakiweka mbele ya Mzee Shabani. Hakuhitaji niseme. Alinitazama machoni kwanza, moja moja, kama anayekagua mshono.

"Alhamdulillahi," alisema. Kisha akasema, "Wino mwekundu haukuwepo Bukavu nzima, mama. Njia zilikuwa zimefungwa. Papa Neema alipita hapa siku ile kabla ya kuingia kwako. Aliniomba. Miye sidanganyi watu, unajua. Lakini aliniomba amekaa pale kwenye kigoda, pale ulipolia."

Nilirudi nyumbani. Nilidhani nitakasirika na nikangoja hasira mpaka jioni, haikuja. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa mtu aliyeshushwa mzigo. Papa Neema alirudi kutoka ng'ambo, akanawa, tukakaa kula sombe ya majani ya muhogo na sambaza, Vestine pia, kikombe changu kikiwa mezani pamoja na vya wengine. Sikuwa nimemwambia lolote.

Nilikichukua kitabu nikakiweka mbele ya mtoto.

"Neema, niambie, kikwembe cha huyu maman ni cha rangi gani?"

Neema alimtazama baba yake kwanza.

Papa Neema alikuwa ameinamia sahani. Aliinua kichwa, akanitazama mimi, na akanitazama tena. Niliona midomo yake inavyojikaza.

"Mwambie tu maman," alimwambia mtoto. "Sasa anaona."